Rimoti ya Mchezo na Mkono wa Askari

Katika mesi moja ya maofisa mjini Mbarara tulisikia hivi karibuni hoja ambayo twaona haifai kupita bila kujibiwa. Ofisa mmoja kijana, mwenye akili na bidii, alisema kuwa risasi ni ghali, viwanja vya shabaha viko mbali, na makuruta ni wengi. Maadamu siku hizi ipo michezo ya video inayotambua mwendo wa mkono wa mchezaji, kwa nini kuruta asianze kujifunza kulenga mbele ya televisheni, kisha apewe risasi chache za kuhitimishia mafunzo? Hakuwa akifanya mzaha. Wapo waliomwunga mkono, na wapo waliocheka. Sisi hatukufanya lolote kati ya hayo mawili, kwa sababu iliyo rahisi: tulikuwa hatujapata kukishika kifaa chenyewe. Juma lililofuata kazi ilitupeleka Endiinzi, na huko, pasipo kukitafuta, tukakishika.

Endiinzi ni mji mdogo wa wilaya ya Isingiro, kusini mwa Mbarara, katika nchi ya migomba na ng'ombe wenye pembe ndefu, ukielekea mpaka wa Tanzania. Jirani yake ni makazi ya wakimbizi ya Nakivale, yaliyoanza mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya Wanyarwanda waliokimbia machafuko ya kwao, na ambayo leo yana Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali, Waethiopia na wengineo. Raia wengi wa Uganda wamezoea kukisikia Kiswahili kinywani mwa askari na polisi, na wengine hawakipendi kwa sababu hiyohiyo. Nakivale ni lugha ya sokoni, ya kanisani, na ya mama anayemwita mtoto wake jioni. Askari akifika huko huona ajabu kidogo kusalimiwa kwa lugha yake ya kazi na watu wasiomwogopa.

Tulikuwa wanne: dereva, koplo mmoja, konstebo wa polisi aliyetusindikiza, na mwandishi wa maneno haya. Bunduki tulikuwa tumeziacha garini chini ya ulinzi wa dereva, kama ilivyo ada yetu tuingiapo mahali wanapokaa watu waliokimbia vita. Tuliingia katika kibanda kimoja kuchaji simu. Mwenye kibanda ni kijana wa Kikongo kutoka Kivu, ambaye juu ya bati ana paneli ya jua, na ndani ana betri kubwa, mashine ya kunyolea, na televisheni ndogo iliyozungukwa na watoto wapatao kumi na wawili. Watoto wale walikuwa wakirusha mikono hewani kama watu wanaofukuza nyuki. Konstebo alifikiri ni ugomvi, akapiga hatua mbele. Kumbe ni tenisi.

Mtambo wenyewe ni Wii, wa kampuni ya Nintendo ya Japani. Kijana alitueleza kuwa dada yake, aliyehamishiwa Marekani pamoja na familia yake, alimpelekea kwa mkono wa msafiri. Umeme wa Marekani ni volti 120 na wetu ni 240, kwa hiyo chaja yake iliungua siku ya kwanza. Hakukata tamaa: alisoma chini ya mtambo akaona kuwa wenyewe hula volti 12 tu, sawasawa na betri ya gari, akaufunga kwenye betri yake ya jua. Tangu siku ile haujazimika ila kwa mvua.

Yafaa tuseme mapema kwamba kifaa hiki si kipya. Nintendo ni kampuni kongwe, iliyoanza mwaka 1889 mjini Kyoto kwa kutengeneza karata, jambo ambalo mesi nyingi zingelisikia kwa furaha. Rimoti yake ilionyeshwa kwa mara ya kwanza nchini Japani mwezi wa Septemba 2005 na Satoru Iwata, aliyekuwa mkuu wa kampuni wakati huo, na wengi walioiona walidhani amechukua kimakosa rimoti ya televisheni ya nyumbani kwake. Ilianza kuuzwa Novemba 2006. Kabla yake wengine walikuwa wamejaribu mambo ya namna hiyo. Mathalani mwaka 1989 ilitoka glavu ya kuvaa mkononi iliyoitwa Power Glove, ambayo ilisifiwa sana katika matangazo na kulaumiwa sana majumbani. Wii haikupatwa na hayo: mitambo zaidi ya milioni 100 iliuzwa duniani kabla kampuni haijaacha kuitengeneza. Mmoja katika hiyo umefika Nakivale karibu miaka ishirini baada ya wenzake, na bado wafanya kazi.

Twende sasa kwenye kifaa chenyewe. Wachezaji wa michezo ya video wamezoea pedi, yaani kile kishikio cha mikono miwili chenye vifungo vingi, ambacho vidole gumba hukiendesha huku mwili mzima umelala kwenye kiti. Rimoti hii ni kijiti cheupe chenye urefu usiofika shubiri moja, cha kushikwa kwa mkono mmoja. Juu ina kifungo kikubwa cha kidole gumba. Chini, pale kidole cha shahada kinapofika, ina kifungo kingine kilichopinda kama kifyatulio. Ndani yake mna betri mbili ndogo, kipaza sauti kidogo, na chembe ya silikoni inayohisi jinsi kifaa kinavyosukumwa, kuvutwa na kuinamishwa. Ukirusha mkono kama mpiga tenisi, mtu aliye kwenye kioo hurusha mkono wake. Haifiki robo kilo. Kwa mkono uliozoea AK ya karibu kilo 4 ikiwa na magazini iliyojaa, ni kama kushika kipande cha muhogo mkavu.

Mbele ya televisheni, kulia na kushoto, palikuwa na mishumaa miwili inayowaka mchana. Tulimwuliza kijana kama ni ibada. Akacheka, akasema, "Hapana, afande, hiyo ndiyo macho yake." Maelezo yake yalikuwa sahihi, nayo yawafaa askari kuyajua. Kwenye ncha ya rimoti mna kamera ndogo inayoona mwanga wa infraredi, ule usioonekana kwa macho ya mtu, ambao wenzetu waliotumia darubini za usiku wanaufahamu. Mtambo huja na kijiti cha kuweka juu ya televisheni, ambacho watu wengi hudhani ndicho kinachohisi, kumbe hakihisi chochote. Ni taa tu za infraredi zilizopangwa pande mbili. Kamera iliyo mkononi huziona taa hizo, kisha hupiga hesabu ya mahali rimoti inapoelekea. Kijiti cha kijana huyu kilikuwa kimepotea njiani. Na kwa kuwa moto wa mshumaa nao hutoa infraredi, mishumaa miwili yatosha. Kwa sababu hiyohiyo mlango hauna budi kufungwa, maana jua la Isingiro likiingia kamera huchanganyikiwa isijue taa ni ipi.

Pia kamba ya rimoti, ile ya kuvaa kwenye kifundo cha mkono, ilikuwa imekatika, na mahali pake palifungwa kamba ya kiatu. Jambo hili lina historia. Mwezi wa Desemba 2006, majuma machache baada ya mauzo kuanza, rimoti zilikuwa zikiwaponyoka watu na kuvunja vioo vya televisheni, hata Nintendo ikalazimika kuahidi kubadilisha kamba zipatazo milioni 3.2 kwa kamba nene zaidi. Konstebo, ambaye amefundishwa kwa nini bastola ya polisi hufungwa kwa kamba, aliikagua ile kamba ya kiatu kwa uso wa kazi, akaikaza fundo.

Ikawa zamu yetu. Tulichagua mchezo wa kubingirisha tufe ili kuangusha vigingi 10 vilivyosimama mwisho wa njia ndefu. Kijana alitufundisha: bonyeza kile kifungo cha chini, rudisha mkono nyuma, ulete mbele, kisha achia kifungo, na tufe litaondoka. Hapo ndipo aibu ilipoanza. Sote watatu, bila kushauriana, tulikuwa tumenyoosha kidole cha shahada ubavuni mwa rimoti, nje ya kifungo. "Weka kidole pale chini, afande," kijana alisema, na kidole kiliwekwa, na baada ya muda mfupi kilikuwa kimerudi ubavuni. Kidole kile kilifundishwa miaka mingi iliyopita, kwa kelele na kwa adhabu, kwamba hakigusi kifyatulio mpaka macho yawe yamekubali. Hakikujua kuwa yuko mchezoni.

Aibu ya pili ilikuwa kubwa zaidi. Mkono wa askari umefundishwa kwamba kubonyeza ndiko kutoa. Hapa kuachia ndiko kutoa. (Aliyewahi kushika bomu la mkono angetambua jambo hili upesi, lakini siku hiyo hatukulikumbuka.) Tuliachia kifungo mkono ukiwa bado nyuma, na tufe likaenda nyuma, kwa watazamaji wa kwenye kioo, ambao waliruka kwa hofu. Watazamaji wa ndani ya kibanda nao waliruka, wao kwa kicheko. Msichana mmoja wa Kisomali, hazidi miaka tisa, aliichukua rimoti mkononi mwetu kwa adabu, akaangusha vigingi vyote 10, akaturudishia. Hatukumbuki lini mara ya mwisho tulikuwa makuruta kiasi kile.

Basi turudi kwenye hoja ya mesi. Je, kifaa hiki chaweza kumfundisha kuruta kulenga? Tulijaribu kujibu kwa haki, na jibu letu ni la, hata kidogo. Sababu si kwamba ni mchezo, kwani jeshi halijapata kudharau michezo. Sababu ni jinsi kilivyotengenezwa. Kwenye uwanja wa shabaha jicho hupita juu ya bunduki: hulinganisha alama ya nyuma na ya mbele, kisha hutafuta shabaha, na pumzi husimama kidogo. Anayeelekeza rimoti haitazami rimoti kabisa. Hutazama alama inayotembea kwenye kioo, na mkono wake huirekebisha alama hiyo ukiwa popote, kiunoni hata nyuma ya mgongo, ilimradi kamera iione mishumaa. Mtu aliyezoea hivyo kwa miezi miwili akipewa bunduki ataitafuta alama inayotembea, na porini hakuna alama inayotembea. Zaidi ya hayo, bunduki hupiga teke. Rimoti hutetemeka kama simu mfukoni.

Lipo la tatu, nalo ndilo lililotufanya tuandike. Baada ya nusu saa konstebo aligundua kuwa tenisi haihitaji kusimama. Mtu wa kwenye kioo hukimbilia mpira mwenyewe. Mchezaji hutakiwa kurusha mkono tu, na hata mkono si lazima. Aliketi juu ya kreti ya soda, akapinda kifundo cha mkono kidogo kama mtu anayefukuza nzi kwenye chai, akamshinda Koplo aliyekuwa akiruka na kutoka jasho. Kifaa huhisi kile tu kilichokishika. Hakioni miguu imesimamaje, bega limekaaje, wala uso umeingiwa na nini. Mbele yake mvivu mwerevu na mtu mwenye bidii ni sawa, na pengine mvivu humzidi.

Hapo tulikumbuka bunduki za mti. Wasomaji wetu wengi wanazijua. Vita vya msituni vya Uganda vilianza tarehe 6 Februari 1981 kwa shambulio la Kabamba, na waliokwenda kushambulia walikuwa na bunduki 27. Waliojiunga baadaye Luwero walijifunza kwata na mbinu kwa fimbo, kwa kuwa bunduki hazikuwapo. Na wanamgambo wa Tanzania nao walipita njia ya bunduki za mbao. Yule ofisa kijana angeweza kutuambia: ikiwa kijiti cha mti kilimfaa kuruta, kwa nini kijiti cha umeme kisimfae? Ni swali zuri. Kijiti cha mti hakihisi chochote, hata kidogo kuliko rimoti. Lakini mbele ya yule kuruta alisimama mkufunzi, na mkufunzi aliona yote: kisigino kilichoinuka, kiwiko kilicholegea, jicho lililofumba kabla ya wakati. Fimbo ilikuwa ya bure. Kilichokuwa na thamani ni yule aliyeitazama. Hoja ya mesi yataka tununue fimbo ya gharama, kisha tumwondoe mkufunzi.

Hatutaki kuonekana watu wanaokataa kila kipya. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 jeshi la Marekani liliunganisha mfano wa bunduki ya M16 na mashine ya Nintendo ya wakati huo ili kuwafundisha askari kulenga. Lakini angalia, hawakuwapa rimoti, waliwapa kitu chenye umbo la bunduki, chenye kitako cha kuweka begani. Mwaka 2008 wataalamu wa Idaho National Laboratory, nchini humohumo, walitumia rimoti hii ya Wii kuendesha roboti ya kutegulia mabomu, ili mwendeshaji apunguze kuhangaika na vifungo na apate nafasi ya kutazama roboti inakokwenda. Na nyambizi ya USS Colorado, iliyoanza utumishi mwaka 2018, huzungusha darubini zake kwa pedi ya mchezo wa Xbox, kwa sababu vijana wanaoajiriwa huja wakiwa wanaijua. Wenzetu waliokutana na mabomu ya kutegwa kando ya barabara za Somalia watakubali kuwa la roboti si la mchezo. Katika mifano hiyo yote kifaa kilipewa kazi inayolingana na umbo lake.

Tulimwuliza kijana, kwa udadisi tu, kama anayo michezo ya kupiga risasi. Alisema dada yake alimpelekea mmoja, naye ameuweka juu ya dari. "Hapa, afande, wengi wamesikia za kweli." Hatukuendelea kuuliza.

Limebaki jambo moja, nalo latuhusu sisi askari kwa karibu zaidi kuliko shabaha. Koplo tuliyefuatana naye aliumia bega la kulia nchini Somalia, ambako jeshi letu liliingia mwezi wa Machi 2007 na ambako wengi wetu tumepita. Mfupa umepona zamani. Mkono haukurudi wote. Kwa salamu ya kijeshi huinua kiwiko kwa shida, na makamanda wenye utu hujifanya hawaoni. Alipewa mazoezi: kuinua fimbo mbele ya ukuta mara 20 asubuhi na mara 20 jioni. Alituambia waziwazi kuwa aliyaacha baada ya miezi michache. Si kwa uvivu, kwani ni mmoja wa watu wenye bidii tunaowafahamu. Ni kwamba ukuta hauna jibu.

Pale kibandani alicheza tufe kwa mkono wa kushoto mchezo mmoja, akashindwa vibaya na yule msichana wa Kisomali. Mchezo wa pili alihamishia rimoti mkono wa kulia, pengine kwa hasira. Alirusha mara nyingi, na katika raundi za mwisho tuliona mkono ule ukipanda mbele yake mpaka usawa wa macho, mahali ambapo hatujapata kuuona tangu aliporudi. Hakusema kitu. Alipokaa alikuwa akiminya bega, na uso wake ulionyesha maumivu na furaha pamoja.

Sisi si madaktari, na kwa raundi chache hatuwezi kudai kuwa kifaa chatibu. Lakini jambo hili si ndoto ya kibandani. Kufikia mwaka 2008 hospitali ya jeshi la Marekani ya Walter Reed, na nyingine huko na Kanada, zilikuwa zikiwapa majeruhi na wagonjwa wa kiharusi Wii hii wakati wa mazoezi ya viungo. Waliowasimamia walieleza jambo lilelile tuliloliona Nakivale: mtu husahau kuhesabu maumivu kwa kuwa anahesabu vigingi. Na yale tuliyosema kuhusu kuruta yahusu hapa vilevile. Koplo angeweza kushinda kwa kupinda kifundo, kama konstebo, na bega lisipate faida yoyote. Au angeweza kulirusha mno na kulirarua upya. Lazima awepo muuguzi anayejua bega hilo, anayesema inua, shusha, yatosha kwa leo.

Mubende jeshi letu lina kituo cha askari walioumia vitani. Wapo huko vijana ambao kutwa nzima huwa na mikono isiyo na kazi. Ombi letu kwa wanaoshughulikia ustawi wa askari ni dogo: wasinunue vifaa hivi kwa ajili ya makuruta, wawaulize waganga wa viungo kama michache, hata mikuukuu, yaweza kuwafaa majeruhi, nao wakikubali, isipelekwe bila mganga wa kuisimamia. Mtambo uliokwisha kutumika hauna bei kubwa, na tumekwisha ona kuwa betri na paneli vyatosha kuuendesha.

Yule ofisa kijana tumemsimulia haya yote. Hakukubali yote, asema kidole chetu kilichonyooka ubavuni ni ushahidi kuwa mafunzo yetu yalikuwa mazuri, si kwamba kifaa ni kibaya, na katika hilo twadhani ana haki. Amekubali kufuatana nasi safari ijayo. Koplo ameomba ruhusa ya Jumamosi, na kwa kuwa kijana wa kibandani alitutoza shilingi 500 kwa kila mchezo na kulalamika kuwa tumemmalizia mishumaa, amenunua pakiti nzima ya mishumaa sokoni Mbarara na kuiweka ndani ya gari.